Saa Iliyoanuliwa na Karafuu

Haidar wa Vitongoji ni fundi mwashi, na mtu akikwambia kuna ukuta uliokwenda upande, mtaje fundi mwengine, yeye usimtaje. Kuta zake zimenyooka. Vidole vyake vinene, viganja vimekauka kwa saruji, na akikupa mkono unaondoka ukihesabu vidole vyako kama vimebaki vitano. Mtu wa namna hiyo mwambie akupandishie nyumba, au akuchimbie shimo la choo. Saa ya mkononi usimpe. Lakini alipewa, na aliyempa ni mama mkwe wake, basi jifikirie mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa karafuu, vuli imeshaanza kuchungulia. Haidar aliteleza kwenye jukwaa la nyumba aliyokuwa akiijenga Gombani, akaangukia kiuno. Daktari akamwambia wiki sita asinyanyue hata ndoo ya maji. Mtu aliyezoea kutoka alfajiri na mwiko wake akawekwa barazani kama mtungi. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alianza kumfundisha mkewe, Laila, namna ya kupika wali. Laila amepika wali miaka ishirini na miwili bila ya mwalimu, akamtizama, akafuta mikono, akampa simu.

"Baba Shatha, shika hii. Tizama unachotaka, uniache na chungu changu."

Ndani ya simu ndimo alimokutana na yule mzungu. Uso wake hauonekani. Ni mikono tu, meza nyeupe, na saa kuukuu. Hasemi neno. Anaifungua saa mpaka inakuwa vumbi la vyuma, anaviosha vile vyuma, anavirudisha kimoja kimoja, mwisho saa inapiga. Haidar akatizama video moja, akatizama ya pili, siku ya tatu akawa hata kahawa inapoa mbele yake. Na siku hiyo, wamekaa mkekani kwa chakula cha mchana, akaropoka.

"Kumbe saa ni ujenzi tu! Kuna msingi, kuna nguzo, kuna dari. Mtu aliyejenga nyumba ashindwe na saa?"

Laila akamkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Bi Zulekha alikuwa amelisikia.

Bi Zulekha ni mama yake Laila. Umri wake umepita themanini, na anakaa nao tangu mumewe, marehemu Mzee Seif, alipotangulia mbele ya haki miaka tisa nyuma. Macho yake yana mtoto wa jicho, na kila wakimwambia aende akafanyiwe operesheni husema, "Niliyotaka kuyaona nshayaona." Si mwanamke mbaya. Sala zake hazimpiti, na mdomo wake hausengenyi. Lakini na Haidar walikuwa na jambo lao. Mwaka ule wa mwanzo wa ndoa, Haidar alijitia kumtengenezea mkwewe redio. Aliifungua vizuri sana. Kufunga ndiko kulikomshinda, na kwa haya yake akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaiacha mlangoni kwa mkwewe, akapita njia ya nyuma asionekane.

Bi Zulekha hakumtukana, hata siku moja. Ila tangu siku ile, kitasa kikiharibika, huagizwa fundi kutoka Chake Chake, na Haidar yupo palepale amekaa. "Bwana Haidar amechoka, msimsumbue," husema bibi. Msimsumbue! Miaka ishirini na miwili ya msimsumbue, mwanamme akakonda kwa ndani. Angetukanwa angepata nafuu.

Basi siku hiyo bibi alinawa, akaenda chumbani akipapasa ukuta, akafungua sanduku kwa ufunguo anaoufunga pembeni mwa kanga yake, akarudi na kitu kidogo ndani ya kitambaa. Ilikuwa saa ya Mzee Seif, ya kutia ufunguo, uso wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilisimama mwezi mmoja baada ya mwenyewe kufa, na tangu hapo hapana mkono ulioigusa isipokuwa wa bibi.

"Haya, Bwana Haidar," akasema. "Kama ni ujenzi, ijenge. Nataka niisikie ikigonga kabla sijafa. Ukishindwa, nirudishie kama ilivyo, mie sitasema kitu."

Haidar aliipokea kwa mikono miwili. Aliijua vyema hiyo "sitasema kitu". Hii ilikuwa nafasi moja, na nyengine haipo. Ama atoke humu akiwa mtu wa kuaminiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, ama abaki msimsumbue mpaka siku ya kuzikwa.

Zana hakuwa nazo, akazitafuta. Bisibisi aliitengeneza kwa sindano ya kushonea magunia, akainoa juu ya jiwe mpaka ikawa bapa. Koleo alichukua kile kikoleo cha Laila cha kung'olea nyusi. Kioo cha kukuzia maandishi aliazima kwa mwalimu wa madrasa. Akakaa ukumbini, akasema Bismillahi, akafungua.

Na kufungua, nasema tena, Haidar anajua. Kila chuma alichokitoa alikichora nyuma ya karatasi ya kalenda na kukiandikia namba, maana hiyo ndiyo akili aliyoipata kwenye redio. Springi kuu ilimchezea tu. Aliigusa, ikaruka kama panzi, ikampiga paji la uso na kuangukia ndani ya bakuli la uji. Mengine yalikwenda salama. Siku ya tatu alikuwa na vipande thelathini na saba, vengine vidogo kuliko chembe ya ufuta. Akaviosha kwa petroli kama afanyavyo yule mzungu wake.

Sasa vikauke. Na hapa ndipo Mpemba alipoharibu kazi ya mzungu. Mzungu ana kimashine cha kukaushia. Haidar akatoka nje, akaangalia pahala penye jua zuri, na pahala penyewe, kwa mtu wa Vitongoji mwezi ule, ni palepale penye karafuu. Laila alikuwa ameanika karafuu kwenye jamvi kubwa mbele ya nyumba, zimeshaanza kupiga wekundu wa kukauka. Haidar akatandika leso nyeupe pembeni mwa jamvi, akavipanga vyuma vyake thelathini na saba, akavitizama kwa furaha. Adhana ya adhuhuri ikalia. Upepo haupo, kuku wamefungiwa, Laila yuko shamba, bibi amejilaza. Akaenda zake kusali.

Wingu halikumwambia mtu. Lilitoka upande wa bahari, jeusi, na watu walipokuwa kwenye rakaa ya tatu, tone la mwanzo likagonga bati la msikiti.

Pemba karafuu ya mtu haiachwi ikanyeshewa. Hata mwenyewe awe hakusemeshi mwaka wa pili, ukiliona wingu, unaanua kwanza, ugomvi wenu mtaukuta baadaye. Jirani yao, Bi Mwanabaraka, ni mwanamke wa mbio katika mambo ya kheri. Alikimbia na wakwezi wawili wa mikarafuu, wakashika pembe nne za jamvi, wakalikunja, wakazimimina karafuu kwenye gunia, wakalifunga, wakalisukumia ukumbini. Yote hayo kabla mvua haijashika. Hakuna hata karafuu moja iliyorowa.

Haidar alirudi mvua ilipopungua, viatu mkononi. Alipoliona gunia ukumbini akasema alhamdulillahi, majirani hawa Mungu awalipe. Kisha akakumbuka leso. Alisimama pale mlangoni maji yanamtiririka kichwani, asiweze kuingia wala kutoka.

"Bi Mwanabaraka!" akamwita jirani yake pale barazani kwa sauti ya chini, maana bibi yuko chumba cha pili. "Pembeni mwa jamvi palikuwa na leso!"

"Palikuwa nayo," akajibu Bi Mwanabaraka. "Nimekufulia, hiyo hapo kwenye kamba ya barazani. Ilikuwa inanuka petroli."

"Na vilivyokuwa juu yake?"

"Vitu gani? Vile vitakataka? Si nimevikung'utia humo humo guniani..." Akautizama uso wa Haidar, akajishika mdomo. "Yarabi! Vilikuwa vitu?"

Haidar alikaa kitako juu ya gunia. Vipande thelathini na saba vya saa ya marehemu vimo ndani ya gunia zima la karafuu, na mwenye saa amelala nyuma ya ukuta wa udongo. Alitamani kulia, na mimi simcheki kwa hilo. Wakati huo Laila akatokea shamba, akaambiwa, akacheka mpaka akashika nguzo. Mumewe akamtizama kwa jicho la yatima, ndipo akajikaza.

Akili iliyomjia Haidar kwanza ilikuwa sumaku. Palikuwa na spika mbovu darini. Akaivunja, akatoa sumaku yake, nzito kama mkate wa mofa, akaanza kuipitisha ndani ya karafuu. Vyuma vikaja mbio! Skrubu, springi, vijiti, mpaka lile gurudumu la kuyumba lenye springi nyembamba kama unywele lilijibandika juu ya sumaku, na Haidar akalibandua kwa kikoleo huku akisoma aya zote anazozijua. Alishangilia kimoyomoyo. Lakini magurudumu ya shaba hayakuja. Shaba haiitiki sumaku.

"Ondoka hapo," Bi Mwanabaraka akasema, amejifunga kanga kiunoni, ungo mkononi. "Mimi ndiye niliyeyatia, mimi ndiye nitakayeyatoa. Karafuu nyepesi, chuma kizito. Hiyo ni kazi ya kupeta, si kazi ya spika."

Na akapeta. Ungo baada ya ungo, karafuu zinaruka mbele na kuangukia jamvini, na nyuma, kwenye ukindu wa ungo, kinabaki kitu kimoja kinachomeremeta. Laila anakiokota, anakiweka sahanini. Haidar anahesabu na kalenda yake. Kufika alasiri gunia lilikuwa limekwisha, na Bi Mwanabaraka, ambaye hajui kunong'ona hata akiwa msibani, akahesabu ya mwisho.

"Thelathini na sita!"

Kilichokosekana ni skrubu moja, mojawapo ya zile mbili zinazoushika uso wa saa. Karafuu zile zilipetwa tena, zikapetwa tena, mwisho wakaziuza kama zilivyo. Huenda sasa hivi skrubu hiyo iko Bara Hindi, imetiwa kwenye pilau ya mtu.

Kuunda sasa. Aliyesema kubomoa ni rahisi kuliko kujenga alikuwa ameifungua saa huyo. Magurudumu manne lazima yasimame wima kwa pamoja, kila moja kwenye kitundu chake cha kito chekundu, kisha sahani ya juu iteremke na vitundu vyake vinne juu ya ncha zao nne. Ikiingia moja, ya pili inatoka. Ikiingia ya pili, ya kwanza imelala. Ukikandamiza, ncha inavunjika, na ikivunjika ndiyo basi. Haidar alipigana na sahani ile siku tano. Jasho linadondoka ndani ya saa, anapangusa, anaanza. Siku ya tano akakitupa kikoleo kikagonga mlango.

"Mwanalaana we!" akasema, na hakujulikana anamwambia nani.

Laila aliokota kikoleo chake, akakikagua kama kimepinda. "Ukuta ukikukataa hufanyaje, Baba Shatha?"

"Nateremsha matofali, naanza upya."

"Unaukandamiza?"

Haidar akapangusa mikono. Akairudisha sahani juu ya magurudumu, safari hii bila ya nguvu, kwa uzito wake tu, kama anavyolilaza tofali juu ya udongo na kulingoja litulie. Akawa anagusa gurudumu moja moja kwa ncha ya sindano, anagusa na kuacha. La kwanza likaingia. La pili. La tatu likamtia kiburi, akalipumulia, likatoka, akaanza tena. Alipogusa la nne, sahani ilishuka yenyewe kwa mlio mdogo sana, na yeye akabaki ameushika ulimi kwa meno.

Kesho yake akaliweka gurudumu la kuyumba. Likatikisika. Likasita. Kisha likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ti-ti-ti-ti, na Haidar, mwanamme wa miaka arubaini na tisa, akapiga takbira kwa sauti iliyomtoa Bi Mwanabaraka kwake mbio, kichwa wazi, akidhani kuna maiti.

"Inapiga!" Haidar akamwambia, machozi yanamtoka. "Sikiliza!"

"Ungo wangu huo unapiga," akasema Bi Mwanabaraka, na wakacheka wote watatu pamoja na Laila, mikono mdomoni, wasimshtue bibi.

Furaha ya Haidar ilidumu siku moja. Aliiweka saa sawa na simu, na asubuhi akaikuta iko mbele. Jioni ilikuwa imetangulia dakika arubaini kamili. Akairekebisha, ikatangulia tena. Akapanda gari mpaka Chake Chake kwa Yasser, fundi saa mwenye kimeza chake karibu na soko. Yasser alitia lenzi jichoni, akatizama, akasogeza dira ndogo karibu na saa. Sindano ya dira ikacheza.

"Yakhe, saa hii umeipaka sumaku," akasema. "Springi yake inashikana, ndiyo maana inakimbia. Ipo mashine ya kuiondoa, lakini yangu imeungua, na nyengine sijui itakuja lini. Nani kakuundia?"

"Mwenyewe."

Yasser aliinua macho, akaitizama ile mikono. "Na ikapiga? Wallahi umenishinda. Mimi ya kwanza niliiua."

Maneno hayo yangemtosha mtu mwengine. Haidar alirudi Vitongoji na saa mfukoni, moyo mzito. Laila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza. "Mama haoni mishale. Alisema anataka kuisikia, na inasikika. Mpe, atakuombea dua, yaishe."

Na kweli, nani angejua? Haidar alilifikiria hilo tangu alasiri mpaka jua linaanza kushuka. Lilikuwa neno jepesi na tamu. Lakini hata ukuta utakaopigwa plasta huupima kwa timazi, naye kila akijiona anampa bibi saa ya uongo, alijiona pia anaondoka kwa njia ya nyuma. Alichoka na njia ya nyuma. Mficha uchi hazai, akajisemea, akavaa kofia yake, akabisha hodi chumbani kwa mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Bwana Haidar."

Akakaa chini, akayamwaga yote. Leso, wingu, gunia, sumaku, dakika arubaini. Akasema saa inapiga lakini inasema uongo, na kosa ni lake, na akitaka ataipeleka Unguja kwa fundi wa kweli. Jasho lilimtoka kuliko siku ya sahani.

Bi Zulekha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Na ile skrubu?"

Haidar akapigwa na butwaa. "Skrubu ipi, mama?"

"Ya thelathini na saba. Mwanabaraka kahesabu thelathini na sita, mtaa mzima umesikia. Mabovu ni macho yangu, bwana, masikio hayana kitu. Siku zote hizi nimekaa humu nangoja nione kama utakuja kuniambia." Na bibi akaanza kucheka, kicheko ambacho Haidar hakuwahi kukisikia, mpaka kanga ikamteremka begani. "Gunia zima la karafuu! Angekuwapo Seif, angekufa mara ya pili kwa kucheka."

Alinyoosha mkono, Haidar akamtilia saa kiganjani. Bibi akaiweka sikioni. Chozi likapita njia yake shavuni, wala hakulifuta.

"Ndiyo yeye," akasema polepole. "Anakimbia hivi hivi. Weye umedhani ni sumaku yako? Saa hii haijasema kweli tangu siku aliyoinunua. Mara itangulie, mara ichelewe. Kwa hiyo kila siku ikiadhiniwa magharibi, Seif alikuwa anakaa hapa ubavuni pangu, anaiweka saa kumi na mbili, ananitia sikioni, anasema, 'Haya, mke wangu, leo tena tumeanza sawa.' Miaka arubaini na moja. Hiyo ndiyo niliyotaka kuisikia."

Nje, msikitini, muadhini alikuwa anasafisha koo kwenye kipaza sauti. Bibi akapapasa mpaka akaupata mkono wake, ule mkono mnene wa saruji, akaizungusha saa juu yake. Mkanda ulifika tundu la mwisho kwa shida.

"Mie siioni mishale," akasema. "Ivae weye. Saa ya mwanamme haikai sandukuni. Lakini ikilia adhana uwe hapa, uiweke sawa, unitie sikioni. Kila siku, mwanangu. Usinipitishe hata moja."

Kiuno cha Haidar kilipona, na kazi zikarudi. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja wa Mkoani alimtaka akamjengee duka, miezi mitatu, alale hukohuko, malazi juu yake. Haidar akakubali kazi, akakataa kulala. Saa tisa na nusu ikifika huosha mwiko na kwenda kutafuta gari. Tajiri yule akamkasirikia, akamuuliza kama nyumbani ana mgonjwa.

"Sina mgonjwa," Haidar akamjibu, anafunga mfuko wake wa zana. "Mama ananingoja."